Aliyempa Bulumbu Jina

3 Februari

Shemeji yangu,

Kishikizi, kwa maana tuliyoipa sisi kiwandani na si kwa maana nyingine yoyote, ni neno ambalo mpanga herufi huliweka mahali pa neno lisilojulikana bado, ili mstari usivunjike na ukurasa upate urefu wake, mpaka neno lenyewe litakapoletwa. Kishikizi sharti kiondolewe kabla karatasi ya kwanza haijapanda mashineni. Tena sharti kiwe jina la utani la mtu aliyemo humo humo kazini, kwa sababu neno lisilo na maana jicho laweza kulipita, lakini jina la mtu unayekunywa naye chai kila siku saa nne haliwezi kukupita. Sharti hili la pili lilitungwa na mpanga herufi wetu, marehemu, nami kama msahihishaji wa prufu, zile karatasi za majaribio, nililisifu mbele ya watu wote. Nadhani unakumbuka.

Sasa salamu, ambazo najua zilipaswa kutangulia. Hujambo? Mpwa wangu hajambo? Mara ya mwisho kukuona ilikuwa makaburini, tulipomzika dada yangu, wewe upande ule wa kaburi na mimi upande huu. Tulipopeana mkono hukunitazama usoni. Miaka mitano imepita tangu siku ile. Mimi ni mzima kwa kiwango kinachotarajiwa kwa mtu wa miaka themanini na miwili: nasikia nusu, naona vizuri, na ngazi za nyumba hii nazihesabu kila ninapopanda kana kwamba siku moja zitapungua.

Sababu ya kukuandikia ni hii. Wachapishaji wanatoa upya kile kitabu cha watoto, kwa kuwa kinatimiza miaka hamsini. Wanataka dibaji fupi inayoeleza jinsi zimwi wake alivyopata jina. Unajua jinsi alivyotapakaa: yuko kwenye mikoba ya shule, kwenye michezo ya redio, na kwenye midomo ya kila mama anayetaka mtoto aingize viatu ndani. Mwandishi alikuwa akisema redioni kwamba jina lilimjia akiwa ananyoa ndevu. Mwandishi amekufa, mpanga herufi amekufa. Wanaojua kwamba hakuna ndevu zilizohusika tumebaki wawili.

Nakusudia kuandika kwamba mswada uliletwa ukiwa na nafasi wazi kila palipohitajika jina la zimwi, kwamba mpanga herufi aliweka kishikizi kama ilivyokuwa desturi, na kwamba kishikizi hicho kilisahauliwa. Sitaandika zaidi ya hayo. Lakini jina lilikuwa lako kabla halijawa la zimwi, kwa hiyo siwezi kulitaja bila ruhusa yako. Utaona kwamba hata katika barua hii sijalitaja.

Shemejiyo,
Nukta


19 Machi

We Nukta,

Watu wengine huanza barua kwa hujambo, wewe unaanza kwa kamusi. Nilipoifungua nikadhani ni barua ya mahakama. Sijambo, shemeji. Mpwa wako hajambo, amestaafu uuguzi lakini bado anatupima watu wa mtaa mzima shinikizo la damu, mtu akipita tu dirishani anaitwa. Magoti yangu ni ya kukodi na macho yameingia ukungu. Usizicheke herufi zangu, naziandika kubwa kama za mabango ili na mimi mwenyewe nizione. Hii barua imenichukua wiki mbili. Wiki nyingine tatu kabla ya hizo zilinichukua kuamua kama nikujibu.

Nimekumbuka mengi. Harufu ya wino na mafuta ya taa vidoleni, hata ukila chungwa linanuka gazeti. Ule ubao wa chai uliokuwa na alama ya duara ya kila kikombe, na ole wake atakayeweka kikombe chake kwenye duara la mwenzake. Ile mashine yangu kubwa ilivyokuwa ikianza kwa kukohoa, kho, kho, kama mzee anayetaka kusema jambo halafu anaghairi. Nilikaa nayo miaka ishirini na sita na sijui nani alimzoea mwenzake zaidi.

Sasa nije kwako. Unaandika kwamba kishikizi "kilisahauliwa". Kilisahauliwa na nani, bwana mkubwa? Wewe ndiye uliyewahi kunirudishia karatasi nzima kwa sababu ya nukta moja iliyochakaa ukingoni. Tukakuita Nukta kuanzia siku ile. Wewe ndiye uliyemwambia mkubwa wa kiwanda, mbele ya wageni wake, kwamba kadi yake ya mwaliko ina kosa. Jina langu liko mle kitabuni mara sitini na tatu. Najua kwa sababu nilihesabu, si mara moja. Ulisahau mara sitini na tatu?

Siku ile nilipokuja chumbani kwako nikakuuliza, ulikuwa unachonga penseli. Nikasema, "Shemeji, nani aliliacha?" Hukuinua hata kichwa. Ukasema, "Mwandishi ndiye aliyelitaka." Ukaendelea kuchonga mpaka penseli ikaisha nusu.

Andika tena. Ukiandika vizuri nitafikiria hiyo ruhusa.

Shemeji wako


27 Machi

Shemeji yangu,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mara nne. Nafurahi kwamba u mzima na nasikitika kuhusu macho. Mimi ni yule yule.

Uko sahihi. Nililotamka siku ile lilikuwa uongo, na nililokuandikia Februari lilikuwa uongo mdogo zaidi uliovaa nguo za ukweli. Nieleze sasa yaliyotukia kwa mpangilio wake.

Prufu tulizisoma kwa sauti, kama unavyojua: mimi nikisoma, mpanga herufi akifuata mswada kwa kidole. Ukuta wa mbao uliotutenga na chumba cha wakunjaji haukufika darini, kwa hiyo wale akina mama saba walisikia kila kitu, nasi tukiwasikia wao na ile mifupa yao ya kukunjia ikikwaruza karatasi. Jumatatu ile nilianza sura ya kwanza, zimwi anapotoka kwenye birika la maji chini ya mji kuja kula vitu vilivyosahauliwa nje. Jina lako lilipotoka mara ya kwanza walicheka wote. "Ee! Bulumbu wetu huyo!" Mara ya pili wakacheka wachache. Kwenye ukurasa wa tatu, pale anaponusa kiatu kilichoachwa kizingitini na kukiita kwa sauti ya mwenye kiatu, mifupa ilinyamaza.

Nikageuza ukurasa. Sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Mbona umenyamaza?"

"Nageuza ukurasa, mama."

"Basi geuza upesi, usituue."

Ndipo nikasikia kiti kikisukumwa. Mmoja wao, yule mkubwa kwa umri, alitoka hadi mlangoni, akaokota kandambili zake alizoziacha nje, akarudi nazo na kuziweka chini ya meza yake. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, na jua kali. Hakuna aliyemcheka.

Jumatano mwandishi alileta kijikaratasi chenye jina alilolichagua. Kwa hiyo jina la haki lililetwa kwa wakati. Naliandika hapa kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini: Nguruma. Nililichukua, nikarudi kwenye ukurasa ule ule wa tatu, nikausoma tena kwa sauti ile ile, nikiweka Nguruma kila palipokuwa na Bulumbu. Mifupa haikusita hata kidogo. Mama mmoja akauliza, "Huyu naye ndiye nani?" wakaendelea na habari zao za harusi.

Mpanga herufi aliniuliza kama abadilishe. Nikamwambia asubiri. Nikatia kijikaratasi ndani ya kamusi yangu, nikachukua wino mwekundu na kuandika "Sahihi" juu ya kila ukurasa wenye jina lako. Katika miaka arobaini ya kazi hilo ndilo kosa pekee nililolifanya nikiwa nalitazama. Sikulifanya kwa dhihaka. Nilidhani namlinda zimwi asiharibiwe na mwandishi, baba yake. Wewe sikukufikiria, na hilo ndilo lililo baya kuliko mengine yote.

Mwandishi alikuja kiwandani na kitabu mkononi, akakibwaga mezani kwangu kwa hasira. Nikampa chai. Kabla hajaimaliza, watoto watatu walipita chini ya dirisha wakikimbizana na kuliita jina hilo kwa kelele. Akasikiliza. Akamaliza chai. Mwezi uliofuata nikamsikia redioni na habari za ndevu.

Yaliyowapata nyinyi nayajua. Najua mpwa wangu alikuwa na miaka saba na shuleni walimwita mtoto wa zimwi. Najua dada yangu alipiga marufuku jina hilo nyumbani kwenu na kwamba aliichana picha ya mwandishi kila alipoiona gazetini. Alimchukia mtu yule hadi anakufa, akiamini kwamba mwandishi alikuja kiwandani, akamwona mumewe, akamdhihaki. Nami nilikuwa nikila chakula mezani kwake sikukuu hadi sikukuu, nikimsikiliza.

Kijikaratasi bado ninacho. Naweza kuwapelekea wachapishaji, nao wana haki ya kurudisha jina alilolitaka mwandishi. Toleo jipya litakuwa la Nguruma, na lako litarudi kwako. Amua wewe.

Shemejiyo,
Nukta


30 Juni

Shemeji Nukta,

Hujambo. Utaona mwandiko si wangu. Macho yamekataa kabisa hata mabango, nangoja zamu ya kupasuliwa. Anayeandika ni mpwa wako, mimi nasema na yeye anaandika kama nisemavyo. (Mjomba, shikamoo. Si kila kitu naandika kama asemavyo.)

Na ndiyo sababu umengoja miezi mitatu. Barua yako ya Machi aliisoma yeye, kwa sauti, hapa barazani, mimi nimekaa na redio yangu. Hukujua, na mimi sikujua kilichomo, ningemwambia aiache. Alisoma vizuri mpaka kwenye kandambili, akacheka kidogo. Akafika pale unapoandika "Sahihi" kwa wino mwekundu, akaishusha barua magotini. Nikasema, "Umefika mwisho?" Akasema, "Hapana." Akainuka akaenda kumwagilia maua yote ya mbele, halafu ya nyuma, halafu yale ya jirani. Akarudi, akakaa, akamalizia. Akasema maneno mawili tu: "Mjomba alijua." Barua akaiweka kwenye kabati la dawa, akaitia kufuli.

Tukaishi hivyo. Chakula, dawa, habari za saa mbili, kulala. Kila nikitaka kusema, ulimi unakohoa kama ile mashine. Maana nilikuwa na jambo langu, Nukta. Wewe umetubu nusu ya dhambi ukadhani ni nzima.

Wiki iliyopita nikamwita nikamwambia, kaa hapa nikuambie nusu iliyobaki. Sasa nakuambia na wewe.

Unajua kazi ya karatasi ya kwanza. Mashine inatoa moja, inasimama, mimi naitandaza, naisoma kwa kidole tangu juu hadi chini, na kamba ya kengele inaning'inia hapa kwenye bega la kulia. Kuna kosa, unavuta, wanakuja wote mbio, mpanga herufi na wewe na mkubwa. Hakuna kosa, unaachia mashine. Hakuna mtu mwingine mwenye haki hiyo kiwandani, hata mkubwa.

Siku ile niliitandaza. Nikaona jina langu. Nikadhani macho, nikafuta mikono nikatazama tena. Mara tisa kwenye karatasi ile moja. Nilijua ni kishikizi, mimi si mjinga, nilishaona majina yetu wote yakipita kwenye prufu. Nikashika kamba. Nilikuwa nayo mkononi, Nukta, imekazwa hivi.

Sasa nikuambie jina lile lilitoka wapi, maana hamkuwahi kuuliza. Nyinyi mliliokota kwangu mkalitumia tu. Alinipa bibi yangu. Nilikuwa mtoto mnene wa kutoa mapovu mdomoni, akawa ananiita Bulumbu, Bulumbu, akininywesha uji. Hata nilipokuwa mtu mzima na mke na mtoto, nikimtembelea, kabla sijafika mlangoni nilikuwa nalisikia kutoka ndani. Alikuwa anatambua hatua zangu. Na mwaka ule alikuwa amekufa, miezi miwili tu kabla ya kitabu. Mlikuja mazikoni, wewe ulivaa koti la kuazima. Kiwandani mlikuwa mnaniita hilo jina lakini nyinyi mlikuwa mnaita mtu wa mashine. Hakuna tena aliyekuwa ananiita mimi.

Basi nimesimama pale na kamba mkononi, na karatasi inaniita. Mara tisa. Kubwa, jeusi, limekaa sawa. Nikasikia kabisa sauti kutoka ndani ya nyumba.

Nikaiachia kamba. Nikaachia mashine.

Karatasi ile niliikunja nikaitia kifuani nikaenda nayo nyumbani, nikamwonyesha binti yangu. Nikamwambia, tazama, jina la baba limechapwa. (Nakumbuka, mjomba. Nililala nayo chini ya mto.) Baada ya wiki tatu akarudi shuleni analia. Mama yake akasimama mbele yangu akauliza, nani amefanya hivi? Ningesema nini? Kwamba nilikuwa na kamba mkononi? Nikaja kwako ili wewe useme ni wewe, tugawane. Ukasema ni mwandishi. Ukajitoa, ukaniacha peke yangu na uongo wako, na ulikuwa uongo mzuri sana, ukanifaa hata mimi. Nikamchukia kila aliyenisaidia kuubeba, na aliyenisaidia alikuwa wewe. Hiyo ndiyo sababu sikukutazama makaburini.

Kuhusu Nguruma, tupa mbali. Hilo ni jina la pikipiki.

Shemeji wako
(na mpwa wako, ambaye hajasamehe mtu bado, lakini anaandika)


9 Julai

Shemeji yangu, na wewe mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Nawauliza hali wote wawili, na safari hii nauliza nikiwa nataka jibu: ile zamu ya kupasuliwa ni lini, na ni jicho gani la kwanza?

Nimesoma barua yenu nikiwa nimesimama, kwa sababu nilianza kuisoma ngazini na sikuweza kumaliza kupanda. Kwa miaka hamsini nilijua kwamba kati ya prufu na msomaji kuna mtu mmoja tu anayeweza kusimamisha mashine. Nililijua hilo kwa sababu ni mimi niliyeandika kanuni ile na kuibandika ukutani. Hata hivyo sikuwahi kujiuliza kwa nini kengele haikulia siku ile. Nilichukulia tu kwamba kosa langu lilikuwa kubwa kiasi cha kutohitaji msaada. Huko nako ni kujiona.

Dada yangu ndiye ninayemfikiria. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu ambayo ingemtuliza. Ningemwambia yangu angenikasirikia mwaka mmoja, pengine miwili. Ungemwambia yako angekununia mpaka sikukuu. Badala yake tulimwachia mwandishi amchukie kwa miaka arobaini na mitano, tukawa tunampitishia mchuzi mezani. Hilo sijui linasahihishwa kwa wino wa rangi gani.

Nikiwa na ruhusa yenu nitaandika dibaji nzima: ukuta wa mbao, kandambili, kijikaratasi, kamusi. Kuhusu kamba ya kengele sitaandika neno mpaka mniambie.

Mpwa wangu, wewe ndiye uliyelipa kuliko sisi sote. Unataka iandikwe nini?

Shemejiyo na mjomba wako,
Nukta


21 Julai

Mjomba, shikamoo,

Baba amepasuliwa jicho la kushoto juzi, anaendelea vizuri, amefungwa kitambaa na anawaamrisha wauguzi. Anasema nikuambie amekuwa nahodha wa maharamia. Leo mimi nasema na yeye anasikiliza, tumebadilishana zamu.

Umeniuliza ninataka nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza, hata mama. Nimelifikiria kwa siku kumi.

Kwanza, kamba iandikwe. Baba amekubali. Amesema, "Mwambie aandike na kwamba ilikuwa imekazwa."

Pili, nataka ujue kwamba haikuwa shida tupu. Waliponiita mtoto wa zimwi nililia mwaka mzima. Mwaka wa pili nikagundua kwamba hakuna aliyethubutu kugusa viatu vyangu. Nilikuwa naviacha nje ya darasa, peke yake, katikati ya mlango, na watoto walikuwa wanavizunguka. Sikumwambia mama. Kwa hiyo hata mimi nilikuwa na nusu yangu, mjomba. Tulikuwa nyumba nzima ya watu wenye nusu.

Tatu, nyinyi wawili mnagombania jina kana kwamba mmoja wenu alilitunga. Aliyempa Bulumbu jina ni bibi wa baba, aliyekuwa na uji mkononi. Nyinyi mlilihamisha tu, mmoja kwa kalamu na mwingine kwa kuachia kamba. Andika hivyo.

Jana nilifungua kabati la dawa. Ile karatasi ya kwanza ninayo bado, imekaa na barua yako. Imechanika kwenye mikunjo. Nilimsomea baba kitandani, nikaweka sauti ya zimwi. Jirani wa kitanda cha pili akaniomba nimsogezee viatu vyake.

Baba anasema: "Mwambie Nukta ana ruhusa. Mwambie aniite jina langu."

Mpwa wako


1 Agosti

Bulumbu, shemeji yangu,

Hujambo, nahodha? Nimeliandika jina hili juu ya barua kama ulivyoagiza. Naomba jicho la kulia nalo lipite salama. Mpwa wangu, marahaba. Maelezo yako ya viatu nimeyasoma hadi nimeyahifadhi.

Naambatanisha prufu ya dibaji. Yote yamo, na kamba imekazwa. Mwenye jicho moja zima aisome kwa kidole, tangu juu hadi chini, kama zamani. Haki ya kusimamisha mashine mnayo nyinyi. Wachapishaji wanaanza kuchapa Alhamisi ya wiki ijayo.

Kimebaki kitu kimoja. Aya ya mwisho inaanza hivi: "Aliyempa zimwi huyu jina lake ni," na hapo nimekwama. Pendekezo la mpwa wangu nimelipima kwa heshima. Bibi alilitoa jina, bila shaka. Lakini alimpa mtoto mwenye mapovu mdomoni, na zimwi hakumjua. Mpanga herufi aliliweka mahali pake, lakini alikusudia liondolewe. Mimi nilikusudia libaki, lakini si langu na sikulitunga. Wewe ulikuwa mwenye nalo na ulikuwa na kamba, lakini ulichofanya ni kuitika tu. Na yule mama aliyekwenda kuchukua kandambili zake saa tano ya asubuhi, ambaye hata jina lake silikumbuki, ndiye aliyetufanya tuamini. Bila yeye ningebadilisha Jumatano ile ile. Nimeandika sentensi hiyo mara kumi na moja, na kila mara ikawa na kosa ambalo siwezi kulizungushia duara.

Kwa hiyo nimefanya kama ilivyokuwa desturi: nimeweka kishikizi. Kanuni inadai kiwe jina la utani la mtu aliyemo chumbani. Nimetazama huku na huku. Kuna meza, kamusi, kijikaratasi ndani ya kamusi, na dirisha. Niliyemo ni mimi peke yangu. Kwa hiyo mstari, kwa sasa, unasomeka: "Aliyempa zimwi huyu jina lake ni Nukta."

Mkinitumia neno kabla ya Alhamisi, nitakiondoa kishikizi.

Shemejiyo na mjomba,
Nukta

Baada ya sahihi: Nimeusoma mstari ule kwa sauti, peke yangu, kwa sauti ile ya zamani. Je, ukibaki hivyo mpaka mashine ianze, utakuwa uongo wangu wa tatu, au ndio ule ukweli ulioutaka kwangu siku ile nikiwa nachonga penseli?